Mwanangu alivuta maji machafu wakati anazaliwa, hivi ndo tulivyopita

Naandikia mama ambaye saa hizi mtoto wake yuko kwenye oksijeni na yeye hata hajui aulize nini, maana na mimi ilikuwa hivyohivyo. Mimba yangu ilishapita wiki 41, chupa ilipopasuka yakatoka maji ya kijani mazito. Yaani mtoto alishatoa kile choo cha kwanza akiwa tumboni na akakivuta mpaka kwenye mapafu. Alizaliwa amelegea, halafu alipoanza kupumua ikawa kwa kasi sana, mbavu zinaingia ndani, anaguna kila pumzi.

Dokta akanieleza kwamba maji kuwa machafu sio ajabu, kwenye uzazi 100 ni kama 10 mpaka 15 hivi, na wengi wa hao watoto hawaumwi kabisa, ni kama 5 tu katika kila 100 waliozaliwa kwenye maji hayo ndo mapafu yao yanapata shida. Ndugu walikuwa wanauliza kwa nini madaktari hawakumvuta uchafu kwa mrija mpaka ndani kooni kabla ya kitu kingine. Zamani walikuwa wanafanya hivyo, ila tangu 2015 miongozo imebadilika, hata mtoto aliyelegea wanaanza kumsaidia kupumua kwanza maana kila sekunde ya kuhangaika na mrija ni sekunde hapati hewa, mimi naona ni sawa kabisa.

Alipelekwa wodi ya watoto wachanga akawekwa sipapu, ile mashine inayosukuma hewa puani ili mapafu yasisinyae, na dripu na antibayotiki kwa sababu kwenye eksirei huwezi kutofautisha vizuri uchafu na nimonia. Nilichoumia zaidi ni kukatazwa kumshika. Kumbe watoto hawa mishipa ya damu ya mapafu inaweza kubana, akisumbuliwa kidogo tu analia na oksijeni kwenye damu inashuka ghafla, kwa hiyo nilikuwa nasimama pembeni namwangalia na naongea naye kwa sauti ya chini basi.

Kilichonisaidia nisichanganyikiwe ni kuacha kuuliza "anaendeleaje?" maana jibu ni lile lile, anaendelea vizuri mama. Nikawa namuuliza nesi wa zamu, oksijeni anayopewa leo ni asilimia ngapi na jana ilikuwa ngapi? Hewa ya kawaida ni 21, sasa ukiona kutoka 50 inateremka kidogo kidogo kuelekea huko unajua mtoto anajitahidi mwenyewe, na ikipanda ghafla uliza mapema kama hewa imevuja nje ya pafu, hiyo hutokea kwa watoto hawa.

Swali lingine hakuna aliyeniambia nilikuja kuliuliza mwenyewe, na kwangu ndo kubwa kuliko yote: je, ubongo ulikosa hewa? Wengi mapafu yao yanapona, ila maisha ya mbele ya mtoto yanategemea zaidi alikosa hewa kiasi gani kabla na wakati wa kuzaliwa, kwa hiyo uliza kama amepata degedege, kama anashtuka, kama mwili una nguvu au bado umelegea.

Maziwa nilikamua kila baada ya saa mbili tatu mchana na usiku, hata yalipotoka matone tu, kwa sababu mtoto anayehema haraka hawezi kunyonya, ila akitulia kidogo wanampitishia kwenye mrija wa puani na ukiacha kukamua maziwa yatapungua kabla hajafika titini. Siku aliponyonya mwenyewe bila kuchoka nililia jamani.

Tumerudi nyumbani anapumua hewa ya kawaida. Kliniki tunaenda kupima masikio na kuangalia kama anakaza shingo na kukaa kwa wakati wake, na nimeambiwa mwaka huu wa kwanza akipata mafua kifua kinaweza kubana na kupiga miluzi kuliko watoto wengine, nikiona mbavu zinaingia nisisubiri asubuhi.