Jongo langu halikuwa la nyama peke yake

Ukivimba dole gumba la mguu kwa jongo, kila mtu anakuwa daktari. "Acha nyama nyekundu, acha maharage." Niliambiwa hivyo na shemeji, na muuza duka la dawa, na mzee mmoja wa msikitini, wote kwa uhakika uleule. Hakuna aliyeuliza presha yangu ikoje.

Nikaacha, tena kwelikweli. Mke wangu alipika mchicha na tembele mpaka watoto wakanuna. Maharage yalitoka jikoni. Kwenye sherehe wenzangu wanakula mbuzi, mimi nachomewa ndizi. Kiu nakata kwa soda, maana soda haina nyama, na asubuhi juisi ya boksi, kwa kuwa nilihakikishiwa matunda ni dawa. Miezi ikapita. Nikarudi maabara: asidi ya yuriki, ile taka ya kwenye damu inayoleta jongo ikizidi, iliyokuwa 9.1 imefika 8.8. Basi! Na haikuchukua muda dole likawaka tena usiku, hata shuka likigusa naruka. Mpaka leo yananikera yale maharage, kwa sababu purini, yaani vitu vya kwenye chakula ambavyo mwili huvigeuza kuwa asidi hiyo, za mimea hazichochei jongo kama za nyama, maini na dagaa. Watoto wangu walinyimwa mboga nzuri ya bei nafuu bure kabisa.

Aliyenifungua macho ni daktari kijana wa kliniki nyingine. Kabla ya kutazama mguu, alichukua futikamba akanipima kiuno: sentimita 104. Kwa wanaume wa kwetu Afrika kikomo ni 94, wanawake 80. Akaagiza na vipimo vya damu. Vyote pamoja nadhani vilikula elfu hamsini na kitu. Anaangalia mambo matano: kiuno, presha ikianzia 130/85, sukari kabla ya kula ikianzia 5.6, trigliseridi, aina ya mafuta ya kwenye damu, zikianzia 1.7, na HDL, yale mafuta mazuri, yakiwa chini ya 1.0 kwa mwanaume. Ukiwa na matatu, una sindromu ya metaboli, ndilo jina la mkusanyiko huo. Mimi nilikuwa nayo manne.

Ndipo nikaelewa. Kitambi kinaufanya mwili usiitikie insulini, homoni inayoshusha sukari, kongosho linamwaga nyingi zaidi, na insulini hiyo inazifanya figo zirudishe asidi ya yuriki kwenye damu badala ya kuitoa na mkojo. Na figo ndizo zinazobeba kama theluthi mbili ya kazi ya kuitoa. Soda nayo ina fruktosi, aina ya sukari. Ini likiishughulikia linateketeza nishati ya seli haraka, na mabaki yake yanaishia kuwa asidi hiyohiyo. Wataalamu bado wanabishana kama asidi nayo inachangia presha na kitambi. Kwangu vyote vilikuja pamoja, nikavishughulikia pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo lingenipita kabisa: kidonge changu cha presha kilikuwa cha kukojoza, hidroklorothiazidi, na hicho huzuia asidi ya yuriki isitoke. Daktari akanibadilishia losartani, dawa nyingine ya presha, ambayo inasaidia kidogo kuitoa. Usijibadilishie mwenyewe, lakini mpelekee daktari pakiti ya dawa zako zote aione.

Soda, juisi na bia nimeziacha. Natembea jioni. Msijishindishe njaa ili mpungue haraka. Kufunga kula ghafla kunapandisha asidi na kuamsha jongo. Dole lilipotulia nikaanzishiwa alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, miligramu 100, ikapandishwa taratibu, pamoja na kolchisini kidogo ya kuzuia jongo lisiwake, kwa sababu mwanzoni maumivu yanaweza kurudi. Ukitoka vipele baada ya alopurinoli, acha dawa na uwahi hospitali siku hiyohiyo.

Sasa asidi ni 5.4, lengo nililopewa ni chini ya 6. Kiuno 96, presha imetulia, trigliseridi zimeshuka. HDL ndiyo imekataa kupanda, na sukari ya asubuhi inacheza kwenye 5.7, kwa hiyo nimepunguza ubwabwa wa usiku na kipimo kingine nafanya baada ya Ramadhani.