Futi nne kwa nane

Jumapili ya tarehe 24 Machi 2019, Taifa Stars iliifunga Uganda 3-0 Uwanja wa Taifa ikakata tiketi ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Misri. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma kabisa ya banda umiza moja, kibanda cha kuonyeshea mpira, pale Magomeni, Mtwara mjini, shati limelowa jasho la watu wengine. Kesho yake asubuhi nikapanda daladala kwenda Mikindani kwa mjomba.

Nilimkuta barazani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku ananyoosha mguu mmoja kwa mikono miwili. Magoti yalikuwa yameshamkataa, benchi za banda umiza haziwezi tena, na jicho la kushoto lina ukungu. Mechi aliisikiliza redioni.

"Na 1980 niliisikiliza," akasema. "Lagos. Nigeria wakatufunga 3-1, Misri 2-1, na Ivory Coast tukatoka 1-1. Zote kwa masikio. Mashindano haya ya kule Misri, mpwa wangu, nataka niyaone."

Wakati ule huku bara hakukuwa na televisheni hata moja ya nchi. Redio ndiyo ilikuwa uwanja. Televisheni yake ya sasa ilikuwa chogo ya inchi 21, ameiweka juu ya kabati, na ili aone mpira inabidi akae karibu hadi pua iguse kioo. Nilirudi mjini nimeshaamua: nitamletea ukuta mzima wa mpira. Nilikuwa na miezi mitatu kasoro siku mbili kabla ya mechi yetu ya kwanza.

Nilikosea mwanzo. Mwezi wa nne nilikuwa na safari ya Dar, nikapita Kariakoo, nikaona projekta ndogo nyeupe, nzuri kwa macho, boksi limeandikwa lumeni 4,000, yaani kipimo cha mwanga, na 1080p. Shilingi 180,000. Nikailipia palepale, nikaipakata kwenye basi kutoka alfajiri hadi jioni, kilomita zaidi ya 550, kama mtu aliyebeba mayai.

Usiku tukaiwasha Mikindani. Picha ilitokea, lakini ilikuwa picha ya kitu kilichozama kwenye maji ya mchele. Katikati unaona, pembeni kumefifia, na pale juu kwenye kona ambapo huandikwa matokeo na dakika hapasomeki kabisa. Mjomba alitazama kwa adabu dakika kumi nzima, kisha akauliza taratibu kama taa ya barazani tukiizima itasaidia. Ilikuwa imezimwa tayari. Nilipopiga simu dukani nikaambiwa mali ikishauzwa hairudi. Niliumia, na iliyoniuma zaidi ni ile adabu yake.

Pale mjini kuna fundi mmoja anayetengeneza projekta za mashuleni na za kumbi za semina. Nikampelekea. Hakuifungua hata. Akaichomeka, akatazama menyu, akaniambia asili yake ni pikseli, vile vidoti vya picha, 800 kwa 480. Ile 1080p ya kwenye boksi, yaani pikseli 1920 kwa 1080, maana yake inakubali kupokea picha ya namna hiyo, halafu inaibana kwenye pikseli zake chache. Na lumeni 4,000 alizoandika muuzaji hazina kipimo nyuma yake, la kutafuta ni lumeni za ANSI au za ISO, ambazo hupimwa kwa utaratibu mmoja unaojulikana.

"Chumba umepima?" akaniuliza.

"Sijapima."

"Sasa ulinunua kwa kipimo gani?"

Nikarudi Mikindani na futi kamba.

Nyumba ya mjomba ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyingi za pale karibu na ghuba. Mtu asiyezijua nyumba hizi huona vyumba vimebanwa bila sababu. Sababu iko darini: dari imebebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti. Sebule ya mjomba ina upana wa mita 2.7 na urefu wa mita 6. Ndefu kama jahazi. Picha lazima ikae ukuta wa mwisho, ule mfupi, na haiwezi kuvuka mita 2.7 hata ningenunua projekta ya mfalme.

Fundi alikuwa na projekta mbili zilizotumika, zote zimetoka kwenye kumbi, zote lumeni 3,000 za ANSI, pikseli 1280 kwa 800. Moja ilikuwa ya DLP, ile ya kioo kidogo na gurudumu la rangi linalozunguka mbele ya taa. Nyingine Epson ya 3LCD, inayotoa nyekundu, kijani na bluu kwa pamoja. Akaziwasha sambamba ukutani, mpira uleule. Kwenye ile ya DLP nyeupe ilikuwa kali kweli, ila nyasi zilipoa, zikawa kijani cha majani yaliyokaa juani siku mbili. Na kila nilipohamisha macho haraka kufuata mpira nikaona vimeremeto vyekundu na bluu kwenye mistari ya chaki. Wapo wasioviona kabisa. Mimi naviona, na sikutaka kubahatisha na jicho la mjomba. Nikachukua Epson kwa 450,000, taa yake imetumika saa 1,100 kati ya 5,000. Mjomba alichangia nusu kwa hela ya korosho, za ule msimu wa shilingi 3,300 kwa kilo. Nilikataa, akanifinya bega, nikapokea.

Skrini ndiyo iliyonichukua siku nyingi, na sijutii hata moja. Ukuta wenyewe haukufaa: chokaa ya mkono ina mabonde, na mwanga wa projekta huyachora yote, mchezaji akipita anajikunja kama aliye ndani ya glasi. Shuka jeupe tulilijaribu. Nusu ya mwanga ilipenya ikaenda kuuangazia ukuta wa nyuma, na feni ilipowashwa uwanja mzima ukapiga mawimbi. Skrini za kuvuta ziliuzwa Dar, na baada ya Kariakoo sikuwa na moyo wa kununua kitu sijakiona kimewashwa.

Seremala wa Mikindani ndiye aliyelimaliza bila kujua. Nilimkuta anakata plaiwudi ya kabati, futi nne kwa nane kama zote. Nikasimama pale nikapiga hesabu kwenye kipande cha mbao. Futi nne ni sentimita 122. Picha ya mpira ni 16 kwa 9, basi upana wake ni sentimita 217, na pembe kwa pembe inchi 98. Ubao mmoja, bila kiungo, na ziada ya sentimita 27 ya kugawa kulia na kushoto. Mwili ulinisisimka. Ni kana kwamba waliopanga vipimo vya plaiwudi walishawahi kuketi sebuleni kwa mjomba.

Tukachukua plaiwudi, si hadibodi, kwa sababu hewa ya chumvi ya Mikindani huivimbisha hadibodi kama mkate kwenye chai. Seremala akapiga msasa, akaziba vitundu, akapiga msasa tena, nami nikapaka rangi ya maji nyeupe isiyong'aa, mikono mitatu kwa rola ndogo, kila mkono siku yake. Kung'aa ni sumu: rangi ya mafuta ingerudisha taa machoni mwako badala ya picha. Nilipitisha kiganja juu yake siku ya nne. Ilikuwa kama maganda ya yai.

Bado kulikuwa na kasoro. Kuta za pembeni nyeupe, za karibu vile, zilichukua mwanga wa picha zikaurudisha kwenye ubao, na weusi wote ukageuka kijivu. Projekta haina rangi nyeusi ya kurusha. Weusi ni pale isipoangaza, kwa hiyo giza la chumba ndilo wino wake. Nikamwomba mke wa mjomba kaniki.

"Kaniki ukutani?" akashangaa. "Mwanangu, watu watadhani tumemweka mganga."

Lakini ndiye aliyekwenda sokoni mwenyewe, akaleta doti tatu, akazipinda upindo kwa cherehani yake. Mbili zikaning'inia kuta za pembeni, moja tukaikata kuwa fremu ya ubao. Projekta yenyewe ni 16 kwa 10, kwa hiyo mpira ulipowaka palibaki ukanda hafifu wa vidole vinne juu na chini ya ubao. Ukaangukia kwenye kaniki ukamezwa. Tazama kitambaa hicho kwa karibu usiku: mwanga unaingia, hautoki.

Kuitundika ilikuwa kazi ya alasiri moja. Kwa upana ule projekta ilitaka kukaa kati ya mita 2.8 na 3.4 kutoka kwenye ubao, na boriti ya kumi iliangukia 3.1. Mkoko ule una umri mkubwa kuliko mjomba. Kekee ilivunjika ncha mara mbili, tukaacha kutoboa, tukaizungushia boriti mkanda wa chuma. Nikaongeza yupiesi, betri ya kushikilia umeme, maana umeme ukikatika ghafla taa ikiwa bado ya moto feni nayo husimama, na taa hufa kwa joto lake.

Senegal walitufunga 2-0 tarehe 23 Juni. Mjomba alitazama kimya, mikono juu ya mkongojo, akisoma kwa sauti dakika zilizoandikwa kwenye kona.

Tarehe 27, saa tano usiku, Kenya. Sebule ilijaa, watoto mkekani, vijana wamesimama mlangoni hadi barazani. Dakika ya 6 Msuva akafunga. Goli letu la kwanza kwenye mashindano hayo tangu Lagos. Nyumba ikalipuka, na katikati ya kelele zile nikamwona mjomba amesimama, bila mkongojo. Akatembea, hatua tatu, nne, mpaka mbele ya ubao, kivuli chake kikasimama katikati ya uwanja na wachezaji waliokumbatiana wakamwangukia mgongoni kwa rangi zote. Hakuna aliyesema kaa chini. Akaweka kiganja kwenye ubao, taratibu, pale penye nyasi.

Mwisho Kenya walishinda 3-2. Watu wakaondoka kwa manung'uniko, nikapanda kigoda kuzima projekta.

"Iache kidogo," mjomba akasema. "Wanarudia lile goli."

Nikashuka.