Chubwi chini, ndoana juu: nilivyowapata blugili wa kina kirefu

Mwezi Mei hapa Minnesota hata mtoto anaweza kuvua blugili. Wanasogea ukingoni kutaga, mahali ambapo maji hayafiki kiunoni. Unatupa boya na kipande cha mnyoo, na kabla hujakaa vizuri boya limeshazama. Nilipohamia Minneapolis nikitokea Tanga, uvuvi huo ulinipendeza sana. Samaki mwenyewe ni bapa, wa ukubwa wa kiganja. Ukimwona mara ya kwanza utadhani ni perege. Wamarekani humtia katika kundi wanaloliita samaki wa kikaango, pamoja na krapi na wadogo wengine, kwa kuwa anaenea kikaangoni akiwa mzima.

Ikiingia Julai, wakubwa hawaonekani tena. Msimu wangu wa kwanza wa joto niliumaliza ukingoni mwa ziwa Minnetonka nikiopoa vitoto vya urefu wa kidole. Nilijua wakubwa wamo humo humo, ila sikujua wameteremka kiasi gani. Ziwa hilo mahali penye kina zaidi hupita mita 30.

Jibu nililipata kwa kipimajoto chenye waya mrefu. Mwaka uliofuata, katikati ya Agosti, nilikodi mashua ndogo nikawa nakishusha mita moja moja. Juu maji yalikuwa nyuzi 25, na mpaka mita ya sita yalikuwa karibu yale yale. Kuanzia ya saba joto likaporomoka ghafla. Maji ya chini ya hapo ni ya baridi na mazito, kwa hiyo wakati wote wa joto hayachanganyiki na ya juu. Mimea inayooza sakafuni nayo inaendelea kula oksijeni, hata samaki hawezi kukaa huko muda mrefu. Basi hujikusanya juu kidogo ya mpaka huo. Nikaelewa kuwa sihitaji kuvua kwenye kina kirefu kuliko vyote. Nilihitaji mahali ambapo sakafu yenyewe ipo kwenye mita sita, nje kidogo ya pale majani ya majini yanapokoma.

Mshipi niliotumia hapa wanauita dropshoti, na ulipata jina kwanza kwa wavuvi wa samaki aitwaye besi. Mtu aliyevua changu kwa mshipi wa mkono hatauona mgeni: chubwi inakaa mwisho kabisa, ndoana inaning'inia juu yake. Tofauti iko kwenye wepesi. Chubwi yangu ni ya gramu 5, mshipi ni ule unaokatika kwa kilo 2, na ndoana ni ndogo, namba 8, moja tu.

Kufunga kwake kunataka utulivu. Kunja mshipi uwe mara mbili, upitishe kwenye tundu la ndoana, piga fundo la kawaida, kisha ivushe ndoana nzima ndani ya kitanzi. Lowesha kwa mate ndipo ukaze. Hilo ndilo fundo la Palomar. Usikate mkia uliobaki. Acha kama nusu mita. Sasa jambo ambalo wengi hulisahau: urudishe mkia huo kwenye tundu la ndoana, ukiuingizia upande ule inakoelekea ncha. Ukivuta, ndoana inasimama mbali na mshipi, ncha ikitazama juu. Usipofanya hivyo inalala kando ya mshipi, na samaki anadona bila kunaswa. Chubwi naifunga sentimita 40 chini ya ndoana.

Siku hizi situmii chubwi ya risasi. Ndege aliye nembo ya jimbo hili, anayeitwa loon, yule anayelia usiku ziwani kama mtu anayeita kwa huzuni, humeza vijiwe vya kusagia chakula tumboni, na akimeza risasi inamuua kwa sumu. Chubwi ya metali ya tangsteni ni ghali zaidi, lakini ni ndogo kwa uzito ule ule na huipeleka habari ya sakafu kidoleni waziwazi: unajua huu ni mchanga, hili ni tope.

Asubuhi ya kwanza nilipoteza samaki wengi kwa sababu ya kutikisa fimbo kupita kiasi. Blugili husogea, husimama sentimita chache mbele ya chambo, hutazama, kisha hukifyonza. Chambo kikirukaruka anaondoka. Nilipoacha chubwi itulie sakafuni, mshipi ukiwa umelegea kidogo tu, mambo yakabadilika. Unasikia kitu kama kidole kinachogonga mlango mara moja. Hapo usikurupuke kuvuta. Inua fimbo taratibu, uanze kukunja mshipi, maana krapi hasa ana mdomo laini unaochanika upesi.

Kuna jambo moja nalisisitiza kwa kila ninayekwenda naye. Samaki aliyeopolewa kutoka kina kinachozidi mita 10 hufura kibofu chake cha hewa, macho yanatokeza, na mara nyingi hufa hata ukimrudisha. Huko usivue kwa kujifurahisha huku ukiwaachia. Chukua wa kula, kisha ufunge mshipi. Mimi sivuki mita nane, na madume makubwa nawarudisha majini. Hao ndio walinzi wa viota, na wakimalizwa, wadogo huanza kuzaa mapema na kubaki vibete. Sheria ya jimbo inaruhusu blugili na ndugu zake 20 kwa siku, na kwenye baadhi ya maziwa ni 10 au 5. Kwa nyumba yetu 12 wanatosha.

Siku ile ya Agosti walitimia saa nne asubuhi. Niliwaparua magamba, nikawachanja ubavuni, nikawapaka chumvi, ndimu, kitunguu saumu na manjano kidogo. Wakakaangwa hadi mapezi yakawa makavu. Wanangu huanza na mkia.