Kisa, Kisasi na Mkasi

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, ndugu zangu.

Jumanne nilisimama mezani nakata kitambaa cha sare za shule, mdomo ukifanya kazi kuliko mkasi. Wateja wawili walikuwa kwenye benchi wanakunywa chai, nami nikawapa kile kisa changu cha siku zote: kijana niliyemfundisha cherehani, akaondoka wiki moja kabla ya Idi na kitenge cha mteja, nikakilipa mimi. Wakacheka palepale ninapopenda wacheke. Kuinua macho, mama yake kijana yuko mlangoni, ameshika sketi ya binti yake iliyokufa zipu. Sijui alikuwa pale tangu lini. "Salaam alaykum, fundi," akaweka sketi mezani, akaenda zake. Hata bei hakuuliza, na hapa Arua, Uganda, nani anamwachia fundi nguo bila kupatana bei?

Tangu siku hiyo neno "kisa" limenikaa kooni. Maneno yetu mengi ya kusimulia yametoka Kiarabuni. Kisa ni qissa, na shina lake lina maana ya kufuata nyayo. Ndilo neno la mama yake Musa alipomwambia dada mtu "mfuatilie" (Qur'ani 28:11): mtoto anaelea mtoni, msichana anamtazama kwa mbali asijulikane. Ndilo tena katika Suratul Kahf (18:64), Musa na kijana wake waliporudi wakifuata nyayo zao wenyewe. Basi msimulizi anakanyaga palipokanyagwa. Haongezi hatua.

Mimi niliongeza. Kitenge kilikuwa cha yadi 6. Mwaka uliofuata kikawa cha 12. Jumanne nilimsikia mtu akisema "vitenge", kwa wingi, na mtu huyo ni mimi.

Shina hilohilo limetupa pia kisasi, yaani qisas, na mkasi, yaani miqass, kwa kuwa lina maana ya kukata vilevile. Miaka yote nimeshika mkasi bila kujua ni ndugu yake kisa! Lakini kisasi ndicho kinachoniuma. Qisas ya Qur'ani ina mpaka wake, jicho kwa jicho, haizidi. Mimi kwa kitenge kimoja nimelipiza mara ngapi? Kila benchi likijaa nalipiza upya.

Na nyinyi wenzangu wa kahawa baada ya Isha, nje ya msikiti, msinitazame mimi tu. Sote tuna ule msemo wetu: "Mimi nasema ukweli mtupu." Maswahaba walimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, swali hilohilo: je, kama ninalolisema ndugu yangu analo kweli? Akajibu kwamba ikiwa analo, umemsengenya, na ikiwa hana, umemzulia. Hapo mlango wa tatu uko wapi? Ukweli wako haukutoi. Tunatoka kwenye sala udhu bado mbichi, tunakaa kumtafuna mtu aliyeswali safu moja na sisi.

Mtazameni Yusuf. Simulizi yake imo katika sura iliyofunguliwa kwa ahsanal qasas, simulizi bora kuliko zote. Nani alikuwa na kisa cha kulipizia kama yeye? Ndugu zake walimtupa kisimani, akauzwa, akafungwa. Siku waliposimama mbele yake hawana pa kukimbilia, akawaambia hakuna lawama juu yenu leo. Kisha baba yao alipofika Misri, Yusuf akahesabu neema za Mola wake, akamshukuru kwa kumtoa gerezani. Gerezani! Na kisima je? Hakukitaja. Wafasiri wanasema alikiacha ili asiwaaibishe ndugu zake, nao wapo wanasikia. Ugomvi wenyewe akasema tu kwamba shetani alichochea baina yangu na ndugu zangu (12:100), kana kwamba waligombania mpira utotoni. Mkasi wa Yusuf ulipita hapo, kwenye aibu ya wenzake.

Wangu umekuwa ukipita penye aibu yangu. Kwa miaka miwili kijana yule alifungua kibanda kabla sijafika, akafagia, akatia mafuta cherehani. Hilo nimelikata. Na mwezi ule wa Ramadhani sikumlipa. Nilimwambia asubiri wateja wa Idi walipe kwanza, naye nyumbani kwao wanafuturu uji. Hilo pia nimelikata, kila mara, kwa kila benchi. Leo ndiyo mara ya kwanza nalisimulia.

Zipu niliibadilisha Jumatano. Sketi iko kwenye rafu, imekunjwa, na mama hajaifuata. Kesho baada ya Alasiri nitaipeleka mwenyewe, pamoja na ule mshahara. Niombeeni, maana nasikia kijana mwenyewe siku hizi yuko kwao.