Kikombe cha kahawa Muscat kilivyonitoa jasho

Aisee mwaka jana nimeenda Muscat, Oman, kumsalimia shangazi, si mnajua kule wamejaa watu wenye asili ya Zanzibar, Kiswahili unakisikia mpaka sokoni, basi mi nikajiona niko nyumbani tu. Thubutu!

Tukaalikwa kwa jirani yake, Mwarabu hasa. Viatu mlangoni, tukakaa chini kwenye zulia, tende na halua zikaletwa, kijana akaja kashika dele, lile birika la kahawa, mkono wa kushoto na vikombe mkono wa kulia. Anamimina kidogo tuuu, chini kabisa ya kikombe, nikasema moyoni mbona hawa wabahili! Nikanywa, nikamrudishia, akajaza. Nikanywa, akajaza tena, yani cha tano huku kahawa chungu ina hiliki moyo unadunda, na kijana wa watu kasimama tu hawezi kuondoka. Shangazi akaninong'oneza, "We mtoto, kitikise!" Kumbe ukitosheka unakitikisa kikombe kushoto kulia ndo unakirudisha, na usipokee kwa mkono wa kushoto.

Halafu ikaja chetezo ya udi, kila mtu anajifukiza nguo, mi nikajiegemeza vizuri nikijua ndo stori zinaanza, kumbe udi ukishapita ni ruhusa ya kuondoka, wenzangu washasimama mi bado nagombana na halua. Ila ile halua ya zafarani, jamani, ningebaki hata wangenifukiza mara tatu.