Nilivyopata Baiskeli ya Shokapu Mbili kwa Chini ya Laki Moja

Nilikuwa na shilingi 100,000, na nilitaka baiskeli moja ya kazi tatu: kunitoa Kikuyu hadi Westlands siku za kazi, kuzunguka msitu wa Karura Jumamosi, na mara mojamoja kupanda Ngong Hills hadi kwenye mitambo ya upepo kisha kushuka kwenye mawe yaliyolegea bila kupasuka kiuno. Hiyo kazi ya tatu ndiyo iliyonipeleka kutafuta shokapu ya nyuma. Kama zingekuwa mbili za kwanza tu, ningebaki na baiskeli ya shokapu ya mbele, na hata leo ndivyo ninavyowashauri wanaoniuliza. Kwa pesa hiyohiyo unapata fremu nzuri zaidi, breki bora na vitu vichache vya kuharibika.

Shokapu ya mbele nitaiita foku, kama mafundi wanavyoiita. Nikisema shokapu peke yake, ni ile ya nyuma.

Baiskeli mpya niliiacha mapema. Mpya za shokapu mbili zipo madukani kwa bei hiyo na hata chini yake, lakini nyingi ni umbo tu. Fremu ni ya chuma, uzito unakaribia kilo 18 au kupita, na katikati pamefungwa springi tupu isiyo na mafuta ya kuituliza ndani. Kuijua ni rahisi: egemea siti kwa nguvu, kisha achilia ghafla. Shokapu ya kweli hurudi taratibu, ikizuiwa na mafuta yanayopenya kwenye matundu madogo. Hii nyingine inakurusha kama godoro la springi. Kwenye mteremko wa Ngong kurushwa huko kunakutoa kwenye njia, na ukipanda mlima sehemu ya nguvu zako inapotelea kwenye springi. Baiskeli ya aina hiyo ni mbaya kuliko isiyo na shokapu kabisa.

Kwa hiyo ilibaki mitumba. Nairobi mzigo huu una milango miwili. Kuna wauzaji wanaoleta kontena kutoka Uingereza na kwingineko Ulaya, na kuna wageni wanaomaliza mikataba yao ya kazi, wanaouza vyombo vyote vya nyumba kabla ya kuondoka. Kwa wa kwanza utapata chaguo pana na maneno mengi. Kwa wa pili utapata baiskeli yenye historia, mara nyingine na risiti za matengenezo, ila huenda imekaa gereji miaka miwili na sili zake, yaani mipira inayozuia mafuta na hewa visivuje, zimekauka. Mimi nilifuata milango yote miwili.

Kabla sijaanza kuzunguka nilimwendea fundi wangu pale Kikuyu, mzee ambaye ametengeneza baiskeli za Black Mamba tangu sijazaliwa. Nilitaka anipe maoni kuhusu ukubwa wa magurudumu. Akanisikiliza, akafuta mikono, akasema, "Kijana wangu, magurudumu ni shauri lako. Mimi ninalokuomba ni moja: usiniletee kitu nisichoweza kukifungua."

Nilibeba maneno hayo kila nilipokwenda kuangalia baiskeli, na ndiyo yaliyochagua kuliko picha na majina ya kampuni.

Fikiria shokapu ya nyuma inavyofanya kazi. Gurudumu la nyuma limeshikwa na mikono ya aluminiamu inayocheza kwenye viungo, na kila kiungo kina beringi mbili. Baiskeli yenye viungo vinne ina beringi nane, na zote zinakula vumbi la Kikuyu na matope yake. Siku moja zitakufa. Swali ni utazipata wapi. Baiskeli nyingi za kampuni kubwa hutumia beringi za kawaida za viwandani, na namba imeandikwa ubavuni: 6900 ni ya tundu la milimita 10, 6902 ni ya 15, na 608 ni ileile ya viatu vya magurudumu. Ukiwa na namba, unaingia duka lolote la beringi Kirinyaga Road, unataja namba na herufi 2RS, maana yake ina kizuizi cha mpira pande zote mbili, na unatoka nazo mfukoni. Kuna zilizotengenezwa mahususi kwa viungo vya baiskeli, zilizojazwa gololi nyingi zaidi kwa sababu kiungo hakizunguki, kinatikisika tu mahali pamoja. Hizo hudumu zaidi, lakini za kawaida zinafanya kazi, na bei yake inakuruhusu kuzibadilisha mara mbili bila kulalamika.

Shokapu yenyewe ni hadithi nyingine. Hupimwa kwa namba mbili: urefu kutoka jicho hadi jicho, yaani matundu ya kufungia kwenye ncha zake, na kina inachozama. Miaka mingi vipimo vilikuwa vya inchi, kama 190 kwa 51 au 200 kwa 57 ukivigeuza kuwa milimita. Kuanzia 2016 vikaja vipimo vipya vya milimita kamili, na hivi viwili haviingiliani. Ukipata fremu yenye kipimo kilichoenea, shokapu ikifa utapata nyingine ya mtumba. Lakini baadhi ya kampuni ziliweka shokapu za umbo lao pekee, zenye kishikio ambacho hakiko kwenye baiskeli nyingine yoyote. Hiyo ikifa, umebaki na fremu ya kutundika ukutani.

Ndivyo nilivyoiacha ya kwanza iliyonivutia. Ilikuwa ya kaboni, nyeusi, nyepesi, na gurudumu la nyuma lilikuwa na milimita 150 za kucheza. Muuzaji aliniambia, "Bosi, hii Ulaya ni ya laki nne." Sikubisha, huenda ilikuwa hivyo ilipokuwa mpya. Lakini kishikio cha shokapu kilikuwa cha umbo la peke yake, na nilipoikandamiza ilizama ikabaki imezama kidogo bila kurudi juu yote. Hiyo ni dalili kwamba hewa imevuja kuingia chumba kisicho chake ndani ya shokapu, na hapo inahitaji kufunguliwa na mtu mwenye vifaa. Nikamshukuru nikaondoka. Isitoshe, milimita 150 ni nyingi kwa mtu anayekwenda kazini kwa Waiyaki Way. Kwa baiskeli ya kazi zote mimi naona 120 hadi 130 ndiyo katikati: inameza mawe, na bado inapanda bila kukubembea.

Niliyoichukua nilimkuta nayo mgeni mmoja aliyekuwa akifunga virago. Fremu ya aluminiamu, magurudumu ya inchi 27.5, milimita 130 mbele na nyuma, shokapu ya hewa ya 200 kwa 51. Alitaka 95,000. Nikamwomba kitambaa chenye maji ya sabuni, akashangaa, lakini akanipa. Usikague fremu yenye matope. Nilifuta maungio yote, hasa chini pale pedeli zinapopita, mahali shokapu inaposhikwa, na mkono wa nyuma upande wa cheni. Ufa wa aluminiamu huanza kama unywele kando ya weldi, na kuuchomea si suluhisho la kuaminika, kwa sababu moto hulegeza aluminiamu yenyewe pale pembeni. Hakukuwa na ufa.

Halafu nikashika siti nikaiinua kidogo sana, juu chini, kidole cha mkono mwingine kikiwa kwenye kiungo kimoja baada ya kingine. Kwenye jicho la shokapu kulikuwa na "tak, tak". Mwenye baiskeli akadhani ndiyo mwisho wa mazungumzo. Mimi nilifurahi, kwa sababu pale panakaa bushi ndogo, kipete cha kuzuia jicho lisicheze, na bushi ni kitu ambacho fundi wa lethi pale Grogan, mtaa wa mafundi Nairobi, anakuchongea huku unasubiri. Nilihamia kwenye foku. Nilipitisha ukucha juu na chini ya nguzo zake nikitafuta mkwaruzo, kwa maana mkwaruzo unaoshika ukucha hukata sili kila foku inapozama. Nguzo zilikuwa safi, ila ziliacha duara nene la mafuta: sili zimechoka. Shingo ya fremu ilikuwa pana chini na nyembamba juu, jambo zuri, kwani inapokea foku za kisasa na, kwa kuongeza kikombe, hata za zamani. Shingo iliyonyooka ya inchi 1 na 1/8 haipokei foku ya kisasa.

Cheni niliipima kwa rula ya inchi. Ukiweka sifuri kwenye pini moja na kuhesabu pini 24 mbele yake, unatakiwa kufika inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16, cheni imechoka. Ikizidi kwa 1/8, tayari imekula na meno ya gia za nyuma. Yangu ilikuwa katikati ya hapo. Nikamtajia moja moja: bushi, sili za foku, cheni, pedi za breki za nyuma. Tukafika 78,000. Akanipa risiti yake ya kwanza, na namba iliyopigwa chini ya fremu ililingana nayo. Hapo usione haya kuuliza. Baiskeli za wizi ni nyingi Nairobi, na polisi akikusimamisha, hadithi nzuri haikusaidii.

Shilingi 22,000 zilizobaki nilikuwa nimezitenga tangu mwanzo. Beringi zote nane, kwa vile fundi alishafungua viungo, zilinitoka chini ya 3,000. Bushi ya shaba ya Grogan ilikuwa bei ya chakula cha mchana. Sili za foku na za shokapu ziliagizwa Uingereza na zikaja ndani ya sanduku la binamu yangu. Pampu ya shokapu nilinunua hapa, nayo hainaga mbadala: shokapu inataka psi (kipimo cha shinikizo la hewa) 150 na zaidi kwenye chumba kidogo mno, na mashine ya petroli stesheni haiwezi kuijaza kwa kipimo. Nilinunua pia kile kipande kidogo kinachoshika mtambo wa gia wa nyuma kwenye fremu. Kila fremu ina chake, kimetengenezwa kipinde au kivunjike badala ya fremu, na kikivunjika Ngong bila akiba utarudi nyumbani ukisukuma.

Kuhusu breki tulibishana na mzee. Zilikuwa Shimano, zinazotumia mafuta yake maalum. Yeye alitaka zile za DOT, mafuta ya breki za magari, kwa hoja kwamba DOT 4 inauzwa kila petroli stesheni. Ana hoja. Lakini DOT hunyonya unyevu hewani na hubabua rangi, na chupa moja ya mafuta ya Shimano inakaa muda mrefu. Tulikubaliana jambo moja tu, kwamba mafuta hayo mawili hayachanganywi kamwe, maana yasiyofaa huharibu sili zote.

Kuipima kwa uzito wangu kulichukua jioni nzima, na ndiko kulikobadilisha baiskeli kuliko kifaa chochote nilichonunua. Kwenye mhimili wa shokapu kuna pete nyembamba ya mpira. Unaisukuma hadi kwenye sili, unakaa taratibu ukiwa na mkoba wako wote, unashuka bila kutikisa, kisha unapima pete imesogea kiasi gani. Kwa shokapu inayozama milimita 51, nilitaka 15 hivi, yaani asilimia 30. Nina kilo 78. Nilianza na psi 170, ambayo ni kama uzito wangu kwa ratili, kisha nikapunguza kidogo kidogo. Foku niliilenga milimita 30 kati ya 130.

Siku za kazi naifunga shokapu kwa ile swichi ya bluu na kujaza matairi hadi psi 40. Haiwi baiskeli ya lami, na vijana wa baiskeli nyembamba wananipita pale Kangemi wakipiga mluzi. Jumamosi napunguza hadi 27, nafungua swichi, na mizizi ya Karura siisikii tena mgongoni. Ngong bado kupanda ni mateso. Kushuka ndiko nilikolipia.

RockShox, watengenezaji wa foku na shokapu, wanashauri mafuta ya miguu ya foku yabadilishwe kila baada ya saa 50 za kuendesha. Kwa vumbi letu naona hiyo si ya kuongezwa hata saa moja. Mzee aliifungua foku mara ya kwanza kwa mashaka, sehemu zote zimepangwa kwenye gazeti kwa mpangilio wa kutoka. Mara ya pili hakuhitaji gazeti. Shokapu nayo amebadilisha sili zake za nje. Chumba cha mafuta cha ndani hajakigusa, anasema hana vifaa na hataki kubahatisha na kitu chenye shinikizo. Siku hizi wenye baiskeli za aina hii wanamfuata kutoka Kinoo na Limuru, na bei yake kwangu imepanda.