Hendeli ya santuri ya bibi

Miaka yote nimewaambia watu kwamba santuri ya marehemu bibi, ile mashine ya kuchezea sahani za muziki, ni HMV 102, yaani modeli namba 102 ya kampuni ya His Master's Voice. Si kweli. Jumapili niliishusha kutoka juu ya kabati, nikaifuta vumbi, nikaitazama kwa makini: ni 101.

Kilichonifumbua macho ni kile kichwa cha duara kinachoshika sindano. Kwenye 102, iliyoanza kuuzwa 1931, mara nyingi utakuta namba 5A au 5B, na utando wake ndani, ule unaotikisika kutoa sauti, ni wa alumini. Cha bibi kimeandikwa namba 4, na utando ni wa ulanga (madini ya mica), unang'aa kama gamba la samaki. Lakini kichwa huhamishika. Fundi yeyote angeweza kukibadilisha. Kwa hiyo nikatazama na hendeli, ile ya kuzungusha kujaza springi. Imeingia kwa mbele! Hizo ndizo 101 za mwanzo, za 1925 hivi. Baadaye hendeli ilihamishiwa ubavuni.

Maana yake ilikuwa tayari imeshatengenezwa Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi, 1928. Nimekaa nayo sebuleni mpaka magharibi, mkono juu ya kifuniko.